Namba Zinapokataa: Kutafuta Kosa la Kipimo cha Upitishaji Joto kwa Vipande Rejea

Mtu akikuletea bodi aliyoibana kwa maganda ya korosho, au tofali la udongo alilolichoma mwenyewe, akitaka kujua linazuia joto kiasi gani, kishawishi ni kuliweka kwenye kifaa hapo hapo na kusoma namba. Namba itatoka tu. Lakini utajuaje kama ni namba ya tofali, au ya hewa iliyobaki chini ya tofali, au ya feni inayozunguka juu ya kichwa chako? Kitu usichokijua hakiwezi kukuonyesha kosa la kifaa. Kinachoweza ni kipande ambacho upitishaji wake wa joto umekwisha kupimwa kwa makini na kuandikiwa cheti, yaani nyenzo rejea. Ndiyo maana, dalili yoyote ikijitokeza, naanza kwa kuitoa sampuli ya mteja na kuweka kipande rejea mahali pake.

Nimeandika haya nikiwafikiria mafundi sanifu wa maabara, walimu wa fizikia na wanafunzi wa vyuo wa Mtwara na Lindi, ambao vifaa vyao ni diski ya Lees (kipande hubanwa kati ya diski mbili za chuma, ya juu ikipashwa kwa mvuke), au sanduku la mabamba mawili lenye hita, au sindano yenye hita na kipimajoto ya kuchomeka kwenye udongo. Namba za upitishaji joto, ambazo nitaziita k, zote ni wati kwa mita kwa kelvini (W/m·K). Ukinzani wa joto ni unene wa kipande, kwa mita, ukigawanywa kwa k. Ushike huo ukinzani, maana nusu ya makosa hujificha ndani yake.

Kwanza: una kipande gani mkononi?

Vipande rejea si vya kubadilishana ovyo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imetoa bodi ya nyuzi za kioo inayoitwa SRM 1450d, yenye k ya karibu 0.033, na cheti chake kinahusu jotoridi la kelvini 280 hadi 340, yaani kama nyuzi 7 hadi 67 za Selsiasi. Ulaya kuna BCR-039, kioo cha borosiliketi chenye k ya karibu 1.14 kwa nyuzi 25, na BCR-724, kauri ya Pyroceram 9606, ambayo iko karibu na 4. Juu ya hapo iko stenlesi, karibu 15, kisha chuma safi cha elektroliti kwenye sabini na kitu. Shaba safi inafika karibu 400.

Tazama nafasi iliyopo kati ya 0.033 na 400. Kifaa kilichothibitishwa kwa upande mmoja hakijathibitika kwa upande wa pili. Tofali letu la kuchoma mara nyingi liko kati ya 0.5 na 1, hivyo jirani yake ni kioo. Bodi ya makumbi ya nazi au ya maganda ya korosho jirani yake ni bodi ya nyuzi za kioo, au polistairini. Mbao ziko katikati, na kwa hizo mimi huweka perspeksi, plastiki ngumu inayoonya kama kioo, yenye k ya karibu 0.19. Ukipima bodi ya makumbi baada ya kujiridhisha kwa stenlesi, umejiridhisha kwa jambo jingine kabisa.

Vipande vyenye cheti ni ghali na vinatoka mbali. Njia inayofaa ni kuwa na kimoja au viwili vyenye cheti, au kuazima kwenye maabara iliyo navyo, kisha kutengeneza vipande vya kazi na kuvilinganisha na hivyo. Fundi vioo wa mjini atakukatia kioo kinene cha mlango wa duka, na kinatosha kuwa kipande cha kazi. Ila usichukue bakuli la jikoni lililoandikwa Pyrex ukaliandikia k ya borosiliketi kwa sababu ya jina lake. Mabakuli yanayouzwa kwa jina hilo Marekani yametengenezwa kwa miaka mingi kwa kioo cha kawaida cha soda na chokaa, chenye k ya karibu 1.0. Jina la biashara halina nguvu ya cheti.

Dalili: kioo rejea kinasoma 0.6 wakati cheti kinasema 1.14

Hakuna dalili ninayoiona mara nyingi kama hii, na chanzo chake karibu kila mara ni hewa.

Chukua kioo cha unene wa milimita 10. Ukinzani wake ni 0.010 kugawanya kwa 1.14, yaani 0.0088. Sasa acha upenyo wa hewa wa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari, juu ya kioo na mwingine chini yake. Hewa tuli ina k ya 0.026. Kila upenyo unaongeza ukinzani wa 0.0038, na yote miwili inaleta 0.0077. Jumla inakuwa 0.0165. Kifaa hakina habari na hewa hiyo, kinagawanya unene wa kioo kwa ukinzani wote na kukupa 0.61. Hita ni nzima, themokapo (waya za kupimia jotoridi) ni nzima, kioo ni kizima, na namba imepungua karibu nusu.

Upenyo ule ule ukiwa kwenye stenlesi ya milimita 10 unaleta maafa. Ukinzani wa stenlesi yenyewe ni 0.0007 tu. Ongeza 0.0077 ya hewa, kifaa kinasoma 1.2. Mtu asiyejua angeandika kwa unyoofu kabisa kwamba amepima kioo. Kwa upande mwingine, bodi ya nyuzi za kioo yenye unene wa milimita 25 ina ukinzani wa 0.76, na hewa ile inaongeza asilimia 1 pekee. Kwa hiyo anayepima bodi laini anaweza kufanya kazi miaka bila kuligundua tatizo hili, kisha siku anapoletewa tofali akaanza kutoa namba za uongo.

Namna ya kulithibitisha: paka pesti nyeupe, ile wanayopaka mafundi kompyuta juu ya prosesa, au gliserini ukikosa, kwa tabaka jembamba kabisa pande zote mbili za kioo. Bana, acha kitulie, soma upya. Hata gliserini yenye k ya 0.28, ikiwa na unene wa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita kila upande, inakurudisha kwenye 1.10. Namba ikiruka kutoka 0.6 kwenda huko, mwizi umemkamata.

Usiishie hapo. Kinyanyue kioo taratibu, wima, bila kukiburuta, ukitazame upande wa chini. Pesti iliyobanwa vizuri inaacha utando mmoja wenye mishipa midogo inayotawanyika hadi ukingoni. Ukikuta katikati imesambaa lakini pembeni imebaki na mistari ya kidole kama ulivyoipaka, bamba limevimba katikati. Ukikuta upande mmoja tu umebanwa, skrubu hazikukazwa sawa. Chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ubavu juu ya bamba na uelekee dirishani. Mwanga unaopenya chini ya rula utakuonyesha bonde liko wapi. Bamba la namna hiyo lipelekwe kwa fundi wa karakana likasawazishwe. Kuongeza pesti zaidi si tiba, kwa sababu tabaka nene la pesti nalo ni ukinzani.

Tofali halipakwi pesti. Litainywa, na utakuwa umepima tofali lenye mafuta. Kwa tofali, chora mifereji miwili myembamba kwa msumeno, mmoja kila uso, ulaze themokapo ndani yake na kuziba kwa udongo ule ule. Kisha weka shiti laini la mpira kati ya tofali na kila bamba. Hewa ikibaki, inabaki nje ya themokapo, na tofauti ya jotoridi unayoisoma ni ya tofali peke yake. Unene wa kuingiza kwenye hesabu basi ni umbali kati ya mifereji. Wengi husahau hilo na kuendelea kutumia unene wa tofali zima.

Dalili: kipande kimoja kinasoma sawa, kingine hapana

Dalili hii ni ya thamani kubwa na inasikitisha kuona watu wakiikwepa kwa kukitupa kipande kilichokataa. Vipande viwili vinavyopingana vinakuambia aina ya kosa, jambo ambalo kipande kimoja hakiwezi.

Fanya hesabu kwa ukinzani, usiifanye kwa k. Kwa kila kipande andika ukinzani uliousoma, na pembeni yake ukinzani wa cheti. Kama tofauti kati ya hizo mbili inalingana kwa vipande vyote, kuna kitu kimeongezwa kwenye njia ya joto, na hicho ni hewa au pesti ya mabamba. Kama kinacholingana ni uwiano, kwa mfano kila kipande kinasoma asilimia 8 juu, tafuta kitu kinachozidisha kila namba: volti au mkondo wa hita, eneo la bamba, kipimio cha unene. Mtu aliyeingiza kipenyo mahali pa nusu kipenyo atakuwa nje mara nne kwa kila kipande, na hilo linaonekana papo hapo.

Ukiwa na nyenzo moja tu, ikate kwa unene tofauti mara mbili. Tuseme kioo cha milimita 10 kinakupa ukinzani wa 0.01237, na cha milimita 20 kinakupa 0.02114. Kila kimoja peke yake kinatoa k isiyo sahihi, 0.81 na 0.95. Lakini ukitoa ukinzani mmoja kwenye mwingine, sehemu ya hewa inafutika kwa kuwa ipo kote kuwili. Inabaki 0.00877 kwa milimita 10 za ziada, na k inakuwa 1.14. Kwa maabara yenye fedha kidogo sijui njia bora kuliko hii. Sharti lake ni moja: mabano yakazwe sawa mara zote mbili na pesti ipakwe kwa mkono ule ule.

Dalili: kila kitu kinasoma juu

Joto uliloliingiza halikupita lote kwenye kipande, ila wewe umelihesabu lote. Linatorokea ubavuni. Vifaa vya gharama vina pete ya kinga inayozunguka bamba la moto, ikiwa kwenye jotoridi lile lile, ili joto lisipate sababu ya kwenda pembeni. Usipokuwa nayo, bado una msaada wa hali ya hewa yetu. Chumba cha maabara Mtwara kikiwa nyuzi 30, weka bamba la moto kwenye 40 na la baridi kwenye 20. Nusu ya juu ya kipande itapoteza joto kidogo, nusu ya chini itapokea kidogo, na mambo yatakaribiana. Maji ya bomba hayatafika 20 yenyewe. Nunua barafu kwa wauza samaki, ichanganye na maji kwenye ndoo na uzungushe maji hayo kwenye bamba la chini. Ubavu wote uufunge kwa sufi au polistairini.

Mwanafunzi mmoja wa stashahada alikuja na namba za tofali zilizokuwa zikipanda na kushuka kila alipopima, na kioo chake pia kikafanya hivyo hivyo.

"Shikamoo, mwalimu. Nimebadilisha themokapo zote, bado."

"Marahaba. Ulipokuwa unapima, feni ilikuwa inazunguka?"

"Ndiyo, mwalimu. Saa saba mchana mle ndani hapakaliki bila feni."

Feni haikuwa kosa dogo kwake, kwa sababu alikuwa akitumia diski ya Lees. Kwenye kifaa hicho joto linalopita kwenye kipande tunalijua kwa kuangalia kasi ya diski ya chini kupoa hewani. Akipima hali tulivu, yaani joto likiwa limetulia, feni ikiwa imewashwa, kisha akapima kupoa ikiwa imezimwa, hewa ya mara ya kwanza si hewa ya mara ya pili, na hesabu haina msingi. Feni izimwe mara zote mbili na madirisha ya upande wa bahari yafungwe, kwa sababu upepo wa jioni unaopiga pwani unafanya kazi ile ile ya feni. Kama joto halivumiliki, pima alfajiri.

Diski ya Lees ina kosa jingine la kusoma juu, na hili lina alama yake. Wakati wa hali tulivu, uso wa juu wa diski ya chini umefunikwa na kipande. Ukiiacha ipoe ikiwa wazi juu na chini, inapoteza joto haraka zaidi, na lazima uzidishe kwa sehemu hii: nusu kipenyo jumlisha unene mara mbili, kugawanya kwa nusu kipenyo mara mbili jumlisha unene mara mbili. Kwa diski ya nusu kipenyo sentimita 5.5 na unene wa sentimita 1.2, sehemu hiyo ni 0.59. Ukiisahau, k inakuwa juu kwa karibu asilimia 70. Kioo kikisoma karibu 1.9, usihangaike na waya. Rudi kwenye karatasi ya hesabu.

Na mvuke unaopasha diski ya juu usiudhanie kuwa nyuzi 100. Mtwara mjini na Lindi mjini, usawa wa bahari, utakuwa karibu sana na hapo. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, maji yanachemka mapema, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Weka kipimajoto kwenye diski ya juu na usome kilichopo.

Dalili: namba inateremka polepole kwa saa nyingi

Kuna kutotulia kwa kawaida na kuna unyevu. Tofali la sentimita 5 linahitaji saa kadhaa kabla joto halijatulia, na kipimo cha utulivu si uvumilivu wako bali usomaji wa kila nusu saa ambao hauelemei upande wowote. Kama umeme unapanda na kushuka, hautatulia kamwe: volti ikishuka kwa asilimia 5, nguvu ya hita inashuka karibu asilimia 10, kwa sababu inafuata mraba wa volti. Weka stebilaiza, na nguvu uipime wewe mwenyewe kwa volti na mkondo kwenye ncha za hita. Usiichukue kwenye kibandiko cha kiwandani.

Kama umeme umetulia na namba bado inateremka, fikiria maji. Hewa ndani ya vitundu ina k ya 0.026, maji yana 0.6, zaidi ya mara ishirini. Bodi ya makumbi iliyolala usiku kucha kwenye chumba cha pwani wakati wa mvua imeshavuta unyevu, hata kama mkono wako unaiona kavu. Unapoipasha upande mmoja, unyevu unahamia upande wa baridi, na k inabadilika mbele ya macho yako. Joto linalobebwa na mvuke huo unaohama nalo linahesabiwa kama mpitisho.

Hapa ndipo kipande rejea kinapokata shauri. Weka kioo, ambacho hakinywi maji. Kioo kikisoma sawa na kubaki hapo, kifaa hakina kosa. Sampuli ndiyo yenye maji. Tofali likaushwe kwenye oveni ya nyuzi 105 na kupimwa kwenye mizani hadi uzito ugome kushuka. Bodi ya korosho au ya makumbi uikaushe kwa moto mdogo zaidi ili gundi yake isiungue. Polistairini usiitie kwenye oveni hiyo kabisa, itajikunja. Baada ya kukausha, ifunge sampuli kwa plastiki nyembamba ingali na joto kidogo, uipime siku hiyo hiyo, kisha uirudishe kwenye mizani. Kama uzito umeongezeka, andika. Tofali la nyumba halikai kavu kama la oveni, kwa hiyo mjenzi apewe namba mbili, ya kavu na ya hali ya kawaida, na aelezwe ipi ni ipi.

Bodi rejea ya nyuzi za kioo nayo ina haki hiyo hiyo. Kuiacha juu ya meza karibu na dirisha, kisha kuilaumu kwamba hailingani na cheti, ni kuionea. Ikae ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vilivyokaushwa.

Dalili: asubuhi sawa, jioni si sawa, au sawa kwa nyuzi 25, si sawa kwa 50

Cheti hakitoi namba moja. Kinatoa jedwali au mlingano unaofuata jotoridi la wastani, yaani katikati ya uso wa moto na uso wa baridi. Vitabu vingi vya Ulaya vinatoa k ya vizuia joto kwa nyuzi 10, vya Marekani kwa nyuzi 24. Sisi tunapima kwa 30, mara nyingine 40. Kwa bodi ya nyuzi za kioo, k inapanda karibu 0.0001 kwa kila nyuzi moja. Kutoka 10 hadi 40 hiyo ni asilimia 10 nzima. Mtu anayelinganisha usomaji wake wa nyuzi 40 na namba ya kitabu ya nyuzi 10 atakwenda kurekebisha kifaa kisicho na kosa.

Mwelekeo nao unatofautiana: k ya kioo inapanda joto linapopanda, ya Pyroceram na ya chuma safi inashuka. Na milingano ya vyeti mara nyingi inataka kelvini. Ukiingiza 30 mahali pa 303 utapata namba ndogo isiyo na maana. Kwa bodi ya nyuzi, mlingano unataka pia densiti, kwa hiyo pima uzito na vipimo vya bodi yako mwenyewe.

Kama jotoridi umelizingatia na bado asubuhi na jioni hazilingani, zikague themokapo. Zima hita usiku, funga chumba, na kabla ya jua kupanda soma zote. Zinapaswa kusema namba moja. Zile za bei nafuu zinaweza kuachana zaidi ya nyuzi 2 bila kuvunja kiwango chake cha kiwandani. Kosa la nyuzi 1 kwenye tofauti ya 20 ni asilimia 5. Kwenye tofauti ya 5 ni asilimia 20. Andika tofauti hizo za alfajiri na uzitoe kwenye kila usomaji. Kagua pia viungio vya waya, maana hewa ya chumvi ya huku inaacha ukungu wa kijani juu ya shaba, na kiungio chenye ukungu huo kinasoma kinavyotaka chenyewe.

Dalili: ukiigeuza sampuli, namba inabadilika

Geuza kioo kwanza. Kioo hakina upande, kwa hiyo kikibadilika, kosa ni la mabamba. Kisipobadilika, sampuli yako ndiyo yenye mwelekeo, na hujakosea chochote. Mbao hupitisha joto kwa urefu wa nyuzi karibu mara mbili ya kukatisha nyuzi. Mpingo nao ni mbao. Madini ya kinywe (grafiti) ya Ruangwa yamezidi: vipande vyake ni magamba, na joto hukimbia ndani ya gamba kwa kasi kubwa kuliko kutoka gamba moja kwenda jingine. Ukiyabana kuwa kidonge, magamba yanalala, na kidonge kinakuwa na k mbili. Ziripoti zote mbili, na mishale iliyochorwa kwenye mchoro.

Dalili: sindano inasoma maji juu ya 0.61

Maji yameanza kuzunguka yenyewe kuzunguka sindano na kubeba joto. Chemsha maji na agari, gramu 5 kwa lita moja, yaache yagande, kisha pima; unatakiwa upate karibu 0.6. Gliserini, karibu 0.28, ni kipimo cha pili kizuri kwa sababu ni nzito na haizunguki upesi. Agari ya maabara inunuliwe dukani. Mwani unaolimwa kwenye pwani yetu hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine, na usiufanye kuwa rejea.

Dalili: namba isiyowezekana

Bodi ya kawaida yenye vitundu vya hewa haiwezi kusoma chini ya 0.026, maana hiyo ni hewa yenyewe. Ukiona bodi ya maganda ya korosho ikisoma 0.02, usiitangaze kuwa ni uvumbuzi. Nguvu ya hita imesomwa chini, au unene umechukuliwa baada ya bodi kubanwa na tofauti ya jotoridi kabla. Unene wa kitu laini unapimwa kikiwa ndani ya mabano, kwa mkazo ule ule.

Dalili: kipande rejea chenyewe hakilingani na cheti chake

Hili liwe shaka la mwisho, lakini lipo. Bodi ya nyuzi za kioo iliyobonyezwa kwa dole gumba imebadilika densiti mahali hapo na haitarudi. Kioo kilichokwaruzwa na mchanga kinashika hewa kwenye mikwaruzo. Kipande kilichokatwa kikawa kidogo kuliko cheti kinavyoruhusu hakina tena dhamana ya cheti.

Ndiyo sababu kipande chenye cheti kikae kabatini na kitoke mara chache, na kipande cha kazi ndicho kiwekwe kwenye kifaa kila wiki. Chora grafu ya kipande cha kazi: tarehe, k, jotoridi la wastani, uzito, nani alipima. Grafu ikipanda au kushuka, toa kipande chenye cheti. Vyote viwili vikiwa vimehama pamoja, tatizo ni kifaa, rudi mwanzo wa kazi. Kikihama cha kazi pekee, kipande hicho kimechoka, kata kingine. Kikihama chenye cheti pekee, kipime na kingine cha kuazima kabla hujakihukumu, na kabla ya hapo peleka kalipa, mizani na vipimajoto vyako kwenye maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) Dar es Salaam, maana hivyo ndivyo ulivyovitumia kukishitaki. Kikithibitika kimeharibika, usikitupe: andika kwenye cheti chake tarehe kilipoacha kuwa rejea, kisha kifanye kipande cha kazi.